Meza ya Usukani ya Mtu Aliyesimama

Kwa maneno ya Mama Redio, siku Nahodha alipopigwa na kiharusi, boti yake ilizunguka katikati ya maji kama kuku aliyekatwa kichwa. Ilizunguka, ikazunguka, abiria wakilia na kushikana mashati, mpaka mafuta yalipokwisha yenyewe. "Na mwenyewe yuko chini," Mama Redio huongeza hapo, akishusha sauti ili umsogelee, "mdomo umekwenda huku, mkono umekwenda kule, na mashine inamcheka." Akifika hapo hujipiga paja akanguruma, kana kwamba mashine ilikuwa yeye.

Mama Redio hakuwepo. Siku hiyo alikuwa kwake akianua nguo, na aliyemwona akianua nguo yupo. Waliokuwemo botini wanasema jambo jingine kabisa. Wanasema Nahodha alikuja moja kwa moja mpaka gatini, akazima mashine, akateremsha watu wote, tena mama mmoja mwenye ndoo alimshika mkono kumteremsha. Ndipo akainama kufunga kamba, na katika kufunga akaanguka. Sindano, binti yake, alifika mbio akalikuta fundo lenyewe: kitanzi kimoja kimepita, cha pili hakijapita.

Lakini fundo halisimuliki. Nani atafunga kazi yake asikilize habari ya fundo? Boti inayozunguka ndiyo yenye utamu, nayo ikatembea mtaa mzima, ikaingia sokoni, ikavuka maji bila nauli ikafika ng'ambo.

Nahodha aliisikia akiwa kitandani. Nyumba yao na ya Mama Redio zilitenganishwa na ukuta mmoja mwembamba kama biskuti, na jirani alikuwa akiuza mkaa mlangoni pake, kila mteja anapewa mkaa na hadithi. Majuma ya mwanzo Nahodha alikuwa hawezi kusema neno likaeleweka. Alilala akitazama ule ukuta, jicho moja likitoa chozi ambalo daktari alisema ni la ugonjwa tu, si la kulia. Ulimi ulipofunguka, sentensi yake ya kwanza iliyokamilika haikuwa ya kuomba maji.

"Boti yangu haikuzunguka," alisema.

"Najua, Baba," Sindano akajibu. "Fundo nililiona."

"Wewe umeona. Wao je?"

Tangu siku hiyo binti alijua kilichomweka baba yake hai. Si dawa, wala si uji. Ni kwamba siku moja ataivusha ile boti mbele ya macho ya watu wote wa gatini, ili ile hadithi ife yenyewe na Mama Redio akose cha kufungia mkaa.

Sindano alipewa jina hilo kwa wembamba, na kwa kazi pia. Alikuwa akishona maturubai na mito ya viti kwenye karakana ya mama mmoja asiyependa maneno, na pale walipatana, maana naye alikuwa mtu wa kutazama. Mama yake alishatangulia. Kaka zake walishatawanyika, kila mmoja na mji wake na visingizio vyake. Katika vyumba vyao viwili walibaki yeye na baba yake, na baba yake alikuwa amebaki nusu: upande wa kushoto mzima, upande wa kulia kama nguo iliyotundikwa.

Na upande wa kulia ndio uliokuwa upande wa kazi. Boti yenyewe ilikuwa ndogo, ya faiba, mashine imefungwa nyuma, na mashine hiyo unaiongoza kwa kuushika mkono wake na kuusukuma huku na huku. Wenzake wote walikaa ukingoni kuishika. Yeye alichomeka bomba refu kwenye mkono wa mashine, akawa anaendesha amesimama wima, mkono wa kulia nyuma, kifua mbele, shati linapepea. Hapo ndipo jina la Nahodha lilipotoka. Sasa ule mkono wa nyuma ndio uliokufa.

Mtu mmoja, labda kwa kumfariji, akamwambia: tia meza ya usukani. Ni ile meza inayosimama katikati ya boti kama mimbari, ina gurudumu la usukani mbele yako kama la gari, gia ubavuni, kioo cha kuzuia upepo, na waya unaokwenda mpaka kwenye mashine. Ukiwa nayo huhitaji kujipinda nyuma. Mkono mmoja unatosha.

Mkono mmoja unatosha. Nahodha aliyameza maneno hayo kama mgonjwa anavyomeza kidonge, bila kutafuna.

Swali likawa moja: wanunue, au wajenge? Pesa ilikuwepo, kwa moja kati ya hayo mawili. Dukani ilikuwepo iliyo tayari. Na nyumbani kulikuwa na fundi, mdogo wake Nahodha, ambaye Sindano alimwita Baba Mdogo na mtaa ulimwita hivyo hivyo.

Walianza dukani. Duka la vifaa vya boti lilikuwa barabara ya juu, lina vioo na harufu ya mipira mipya. Meza ilisimama peke yake mahali pa wazi, nyeupe pe, fupi kuliko walivyodhani, na imeungana na kiti chake. Muuzaji alikuwa mtu mchangamfu mwenye kalamu sikioni.

"Karibu mzee wangu, kaa. Kaa kabisa, haiumi hiyo."

Nahodha akakaa. Sindano akatazama. Aliuona mguu mbovu ukitulia mahali pake. Aliuona mkono wa kushoto ukilifikia gurudumu bila kulitafuta, ukashuka kwenye gia, ukarudi. Mabega yaliyokuwa yamekaa juu tangu kiharusi yakashuka kama mtu aliyetua mzigo. Kwa kitambo kidogo ule uso uliopinda ulisahau kwamba umepinda.

"Umeona?" muuzaji akasema. "Unaendesha kama uko sebuleni kwako. Gia tunakuwekea kushoto, kulia, popote roho yako inapopenda. Kitu hiki hakichagui mtu, mzee. Mrefu, mfupi, mnene. Hata mgonjwa anaendesha!"

Hapo ndipo alipoharibu.

"Mgonjwa nani?" Nahodha akauliza.

"Si wewe, mzee wangu. Nimetoa mfano tu."

"Na mfano huo umeutoa wapi, kama si hapa nilipokaa?"

Akajikokota kutoka kitini. Muuzaji akanyoosha mkono kumsaidia, ukabaki hewani. Nje, kwenye jua, Nahodha alikuwa akihema kama aliyepanda ngazi.

"Nimevusha watu umri wangu wote, hakuna aliyeniona nimekaa kama mwenyekiti wa kikao. Nikirudi nimekaa, yule mwanamke wa ukutani atasema nini? Atasema, si niliwaambia? Tunajenga. Mdogo wangu atanijengea ya mtu aliyesimama."

Sindano alikuwa na maneno mdomoni: Baba, ulikaa vizuri. Aliyaona mazuri, mafupi, yako tayari. Akasema, "Shika bega, kuna mtaro."

Karakana ya Baba Mdogo ilikuwa banda la mabati nyuma ya nyumba yake. Alitengeneza vitanda, makabati, milango, na majeneza. Hayo ya mwisho ndiyo yaliyomlisha miezi ambayo watu hawaoi wala hawahami. Naye alikuwa na desturi yake ambayo mafundi wenzake waliicheka. Futi ya chuma alikuwa nayo, imetundikwa msumarini, lakini kitu cha mtu hakukipima kwa futi. Kila mteja alichongewa kijiti chake kipya, akasimamishwa, kijiti kikawekwa ubavuni pake, na penseli ikapita: hapa goti, hapa kiwiko, hapa jicho. Kazi ikiisha, kijiti hugongomelewa ndani ya kile kitu, mahali pasipoonekana, ili fundi mwingine atakayekuja kukarabati ajue kilikuwa cha nani. "Mbao haijui namba," alipenda kusema. "Mbao inamjua mtu."

Siku ya kupima alichagua kijiti cha mbao ngumu, isiyopinda.

"Simama, Kaka. Usijinyooshe wala usijikunje. Simama kama unavyosimama."

"Wewe umezoea kupima waliolala," Nahodha akasema. "Leo umepata aliyesimama, unaanza masharti."

"Waliolala hawana shida. Hajarudi hata mmoja kuniambia kitanda kinabana."

Wakacheka wote watatu, na kicheko hicho kikamtikisa Nahodha akayumba, akaushika mlundo wa mbao. Kicheko kikaisha.

"Mama," akamwita binti yake. Alimwita hivyo tangu mke wake alipofariki. "Njoo nyuma yangu hapa unishikie shati. Limevimba, litamdanganya fundi."

Shati halikuwa limevimba. Sindano akapita nyuma, kati ya baba yake na zile mbao. Akatia bega lake chini ya mfupa wa bega la kulia la baba yake, akatia goti lake nyuma ya goti lile lililokufa, akasukuma. Hakuambiwa afanye hivyo. Lakini yeye maturubai ndiyo kazi yake, na anajua turubai lililolala linavyosimama ukilitia mlingoti. Baba yake akapanda juu, kidogo, kidogo tena, mpaka kichwa kikakaa pale kilipokuwa kikikaa zamani. Alihisi mbavu zake zikitanuka. Alimsikia akivuta pumzi ya mtu anayetazama mbali.

"Haya, fundi," Nahodha akasema, na hata sauti ilikuwa imenyooka. "Pima."

Baba Mdogo akapiga magoti kuweka mwisho wa kijiti sakafuni. Akakaa kule chini muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Alipoinuka hakumtazama mtu. Penseli ikapita kwenye kiwiko, ikapita kifuani, ikapita usawa wa jicho.

"Gia niweke wapi?"

"Kulia."

"Kaka, mkono wa kulia si…"

"Mkono utarudi. Mimi sijengi meza ya mwezi mmoja. Weka kulia, mahali pake."

Baba Mdogo akachora alama. Kulia.

Kazi ikaanza. Kila mchana, badala ya kula, Sindano alipita pale bandani. Aliona mbao za plai zikikatwa, zikisimamishwa, zikiunganishwa kwa gundi na skrubu zisizoshika kutu. Aliona meza ikipanda kutoka sakafuni kama mtoto anayekua mbele ya macho yako, ikapita kiuno chake, ikafika kifuani. Chini Baba Mdogo aliijaza kabati la kamba na zana, kwani mtu anayesimama hahitaji pa kuingiza magoti. Ilikuwa inapendeza. Hilo ndilo lililomuuma. Ingekuwa mbaya, angepata pa kuanzia.

Siku moja alikichukua kile kijiti, akakificha kwenye mfuko wake wa kazi, akarudi nacho nyumbani. Baba yake alikuwa amesimama mlangoni, ameegemea fremu, anatazama barabara. Sindano akajifanya anafagia nyuma yake. Akasimamisha kijiti sakafuni. Kiwiko cha baba yake kilikuwa chini ya alama, chini kwa upana wa kiganja chake na vidole vikikunjuliwa. Akakitazama kiwiko, akaitazama alama. Mwenye macho haambiwi tazama.

Kesho yake alimkuta Baba Mdogo anapiga msasa.

"Baba Mdogo, kipimo hiki si cha Baba."

"Ni cha nani?" Hakuacha kupiga msasa.

"Ni cha Baba wa zamani."

Msasa ukapunguza mwendo, ukasimama.

"Nilipopiga magoti siku ile," Baba Mdogo akasema, "niliona miguu minne."

"Sasa mbona hukusema?"

"Na wewe uliyekuwa na miwili kati ya hiyo, mbona hukusema?"

Vumbi la mbao lilikuwa linashuka taratibu kwenye mwanga wa mlangoni, likamkalia Baba Mdogo kwenye nyusi, akaonekana mzee kuliko kaka yake.

"Sikiliza," akasema. "Leo mbao bado ni mbao. Nikishapaka faiba, ndiyo basi, imekuwa jiwe. Nenda kamwambie. Akikubali naikata leo leo, natia kiti, nahamisha gia, nampa ya kukalia iliyo bora kuliko ile ya dukani."

"Wewe ndiye ndugu yake. Wewe ndiye fundi. Mwambie wewe."

"Mimi? Mimi ananiita mpima maiti. Nikimwambia akae, atasema nimeanza kumzoesha kulala."

"Basi mimi ataniambia nini?"

"Wewe hatakwambia kitu. Atakutazama tu."

Na hilo Sindano alilijua, na aliliogopa kuliko matusi. Ikawa kila mmoja amemwachia mwenzake, kama watu wawili wanaopishana mlangoni, tangulia, aa tangulia wewe, na nyumba inaungua.

Hata hivyo jioni ile alikwenda amepiga moyo konde. Alimkuta baba yake chumbani, ameshika tendegu la kitanda kwa mkono wa kushoto, anajaribu kusimama bila kuegemea. Jasho linamtiririka. Mguu wa kulia unatetemeka kama wa mbuzi aliyezaliwa asubuhi.

"Imefika wapi?" akauliza kabla hata hajasalimiwa.

"Nini, Baba?"

"Meza yangu, nini tena!"

"Iko karibu."

"Ikishakuja nitaizoea. Kitu kikiwa cha kimo chako, kinakuvuta ukifuate. Nikiwa mfupi kidogo," akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, "nitarefuka."

Kwa hiyo alijua. Alijua muda wote. Sindano akaenda kuinjika maji ya kumwogesha, na asubuhi yake Baba Mdogo akapaka faiba.

Alirudi dukani mara moja, peke yake, bila kujua kwa nini, maana pesa ilishageuka mbao na rezini ya kupakia faiba. Pale mahali pa wazi hapakuwa na kitu. Palibaki doa la mraba sakafuni, safi kuliko sehemu nyingine.

"Ilichukuliwa," muuzaji akasema. "Mwenye boti ya buluu. Alikaa mara moja tu, akasema funga."

"Itakuja nyingine?"

"Mzigo ukija."

"Utakuja lini?"

Muuzaji akaitoa kalamu sikioni. "Dada yangu, mimi si mzigo."

Akatoka. Wiki hiyo, kwenye vipande vilivyobaki vya turubai, alishona mto mmoja wa duara, akaujaza sponji, akauzungushia uzi mara mbili ukingoni kama wa viti vya bei. Akaufunga juu ya kigoda.

Siku ya kuiteremsha boti ilikuwa asubuhi ya wazi, maji yametulia. Meza ilikuwa imeshafungwa kwa bolti katikati, waya umeshapitishwa, kila kitu kimejaribiwa boti ikiwa juu ya magogo. Mama Redio alikuwa ameshatangaza tangu jana yake, na nusu ya mtaa ilikuwa gatini, wengine na vikombe vyao vya chai mkononi.

Nahodha alivaa shati lake la zamani. Aliposhushwa botini alikwenda kwenye ile meza kama mtu anayemwendea ndugu aliyepotea, akaipitishia kiganja juu, akafungua mlango wa kabati, akakiona kijiti kimegongomelewa ndani. Akakisoma kwa kidole: kiwiko, kifua, jicho.

"Ni mimi," akasema polepole. "Huyu ni mimi kabisa."

Baba Mdogo akageuka kukaza bolti ambayo ilikuwa imekazwa.

"Na hiki?" Nahodha alikuwa amekiona kigoda na mto wake.

"Cha Baba Mdogo," Sindano akasema. "Mgongo unamsumbua."

"Basi akikalie mbele huko, asinizibie."

Akashika. Mkono wa kushoto ukafika kwenye gurudumu, lakini ukafika kwa kupanda, kama mtu anayeshusha kitu kabatini. Kifua akakilaza kwenye ukingo wa meza, na kwa namna hiyo alisimama. Kutoka gatini alionekana kichwa na mabega, nyuma ya kioo.

"Nahodha!" Mama Redio akapaza. "Leo unavusha au unahubiri?"

"Nakuvusha wewe, mdomo unabaki!"

Gati nzima ikaangua kicheko, na safari hii kicheko kilikuwa chake. Hata Mama Redio alicheka, akajipangusa macho kwa ukingo wa nguo. Sindano alikumbuka baadaye kwamba baba yake alikuwa na furaha, na kwamba furaha hiyo ilidumu kutoka kwenye kigingi cha kamba mpaka kwenye boya la kwanza.

Mpaka hapo walikwenda sawa. Gia alikuwa ameiweka wakiwa bado wamefungwa, kwa kuuvusha mkono wa kushoto mpaka kulia mbele ya tumbo lake, na boti ikaenda polepole, imenyooka. Baba Mdogo alikaa mbele kwenye kigoda, ameshika ukingo huku na huku. Sindano alikaa nyuma karibu na mashine, macho yake kwenye visigino vya baba yake. Kisigino cha kulia kilikuwa hakijagusa sakafu vizuri.

Ndipo boti ya buluu ikaja kutoka ng'ambo, imejaa watu. Mwenyewe amekaa kwenye meza yake nyeupe, mguu juu ya mguu, mkono mmoja kwenye usukani. Alimwona Nahodha akafurahi kweli, bila ubaya wowote, akapunga ule mkono wa pili.

"Karibu tena, Nahodha!"

Akapita. Na nyuma yake yakaja mawimbi yake, si makubwa, mawimbi ya kila siku.

Mkono ulikuwa mmoja, na kazi zikawa tatu kwa mpigo: kujishikilia, kushika usukani, kuvuta gia. Boti iliponyanyuka, mwili ukachagua wenyewe. Mkono ukauacha usukani, ukarukia bomba la chuma linaloshikilia kioo. Gurudumu likazunguka peke yake mpaka mwisho. Boti ikainama upande, ikaanza kugeuka. Nahodha akataka kuifikia gia, lakini gia ilikuwa kulia, na mkono wa kulia ulikuwa haujarudi. Wimbi la pili likamtoa kwenye bomba. Akateleza chini, taratibu, kifua kikisugua ile faiba laini iliyopigwa msasa siku nyingi, mpaka akawa amekaa.

Na boti ikazunguka.

Baba Mdogo alikuwa amelala kifudifudi kule mbele, kigoda kimemrukia. Boti ilizunguka, ikazunguka, gati likipita, ng'ambo ikipita, gati likipita tena na watu wake wote wamesimama, na mtu mmoja katikati yao ameinua mikono kichwani. Safari hii Mama Redio hakuwa na haja ya kuongeza chumvi. Mashine ilinguruma vilevile kama anavyoingurumisha mwenyewe. Sindano akatambaa, akaruka mguu wa baba yake, akaivuta gia katikati.

Mashine ikaacha kusukuma, ikabaki ikinguruma chini chini, na maji yakasikika.

Nahodha alikuwa ameiegemea meza yake. Ukiwa chini pale, ilikuwa ndefu sana. Mlango wa kabati ulikuwa umefunguka, na kijiti kilikuwa karibu na sikio lake.

"Imezunguka?" akauliza.

Baba Mdogo alikuwa anafuta damu kidogo kwenye mdomo. "Kidogo, Kaka."

"Kidogo."

"Ni yale mawimbi. Ingekuwa yeyote… Kaka, nitaikata. Nasema kweli. Nikirudi naipasua faiba, naishusha, gia naileta kushoto."

"Utakata nini? Wameshaona."

Hapo Sindano alisema, na lilikuwa jambo refu kuliko yote aliyowahi kumwambia baba yake kuhusu ile boti. "Baba, mimi niturudishe. Najua, nimekutazama tangu mdogo. Wewe kaa pale kwenye mto, uwe unanielekeza. Kushoto, kulia, unasema tu. Watajua nahodha ni wewe."

Hakuonyesha kama amesikia. Alikuwa anatazama gatini, kupitia kwenye upenyo kati ya meza na ukingo. Watu walikuwa hawajaondoka. Mtu mmoja alikuwa ameshawageukia wenzake, mkono wake hewani unachora duara.

"Mama," akasema.

"Abee, Baba."

"Njoo nyuma yangu. Kama siku ile."

Baba Mdogo akageuza uso kwenye maji.

"Siku ile nilisimama," Nahodha akasema. "Uliniona. Fundi pia aliniona. Ninyooshe hivyo hivyo, unitie bega, mpaka gatini tu, kisha niteremke niondoke zangu. Kisha sitaomba kitu. Meza ni ndefu, mama. Kwa mbali hawaoni miguu."

Mkono wa Sindano ulikuwa bado juu ya gia. Boti haikufungwa popote, na maji yalikuwa yanaigeuza pole pole, ikaitazama ng'ambo, ikaendelea kugeuka. Bega lake lilikuwa linakumbuka uzito wenyewe. Baba yake alikuwa ameuinua ule mkono mzima juu, kiganja wazi, kwa namna mtu anavyonyoosha mkono akijua utapokewa.